Finjani ya nyumbani inakufikia kwa shilingi ngapi?

Swali: "Assalaamu alaykum Maalim. Mimi ni mwalimu wa skuli, naandika kutoka Wete, Pemba. Mume wangu hunywa kahawa tungu barazani kila baada ya Isha, finjani nne, kila moja shilingi 200. Nikamwambia tupike nyumbani tubane matumizi, na sisi wengine nasi tunywe. Nachemsha lita moja kila jioni kwa vijiko vinne vya chakula vilivyojaa. Yeye hunywa nne, mimi mbili, mama yake mbili, kijana wetu moja. Inayobaki namwaga asubuhi. Mwezi umekwisha, nimenunua pakiti nne za robo kilo za kahawa ya kusaga, shilingi 8,000 kila moja. Makaa nawasha ya shilingi 600 kwa siku, iliki na tangawizi kama 200. Mume wangu anasema nimemtia hasara, barazani ni rahisi. Gesi ninayo, mtungi wa kilo sita naujaza kwa 27,000, ila nimezoea kwamba kahawa ni ya makaa. Dukani kuna buni pia, kilo 15,000. Na dada yangu aliyeko Maskati kaniletea mashine ya kapsuli. Kapsuli kumi kule ni kama shilingi 16,000 kwa pesa zetu. Nishike njia gani, na nani kati yetu ana haki?"

Waalaykum salaam dada yangu. Nimekaanga na kuuza kahawa Unguja kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni mara chache kuletewa swali lenye hesabu zilizokamilika kama zako. Umenipa kila nilichokihitaji, kwa hiyo nitakujibu kwa shilingi zako mwenyewe.

Shemeji ana haki. Ana haki kwa shilingi tatu.

Pakiti ya robo kilo kwa 8,000 ni shilingi 32 kwa gramu. Kijiko cha chakula kilichojaa kahawa ya kusaga kina kama gramu 8, basi vijiko vinne ni gramu 32 kwa siku, na kwa siku thelathini ni gramu 960. Ndiyo maana pakiti zako nne zimekwisha pamoja na mwezi, hakuna aliyekuibia. Gramu 32 mara shilingi 32 ni 1,024. Ongeza makaa 600 na viungo 200, jumla 1,824 kwa siku. Finjani zilizonywewa ni tisa. Gawa: kila moja imekufikia kwa shilingi 203, na kule barazani ni 200.

Lakini angalia nilipogawa. Nimegawa kwa tisa, yaani finjani zilizoingia mdomoni, wala si zile zilizotoka jikoni. Watu wengi wakipiga hesabu ya kahawa huishia kwenye bei ya pakiti, na pakiti haikwambii kitu. Lita yako moja, baada ya mvuke kwenda zake na mashapo kunywa sehemu yao, inatoa kama finjani kumi na nne kwa kipimo cha finjani zangu, ambazo nimezipima na kila moja ni mililita 55 hivi. Mmekunywa tisa. Tano zimelala ndani ya sufuria, na asubuhi umezimwaga. Zile tano zilikuwa na kahawa yake, makaa yake na iliki yake kama wenzake; ni shilingi 650 kwa siku, na kwa mwezi zinakaribia 19,500. Shemeji barazani alikuwa akitumia 24,000 kwa mwezi mzima. Umemrudisha nyumbani, halafu sehemu kubwa ya pesa uliyookoa umeimwaga uani kila asubuhi.

Basi tuanze hapo hapo, kwa sababu dawa yake haihitaji kununua chochote.

Marehemu mama yangu hakuwa na kipimo cha lita wala mzani. Alikuwa na finjani moja ya bluu iliyokatika mdomo, haikufaa tena kumpa mgeni, basi aliigeuza kipimo. Jioni atauliza, "Leo tupo wangapi?" Akishajua, atahesabu finjani watakazokunywa, kisha atachota maji kwa finjani hiyo hiyo: moja, mbili, tatu, mpaka idadi itimie, na juu yake ataongeza tatu. Nikiwa mtoto nilidhani zile tatu ni za wageni. Nilipokuja kuifanya kahawa ndiyo kazi yangu ndipo nikaelewa alichokuwa akikipima. Moja inanywewa na kahawa yenyewe, kwa sababu unga wa kahawa hushika maji kiasi cha mara mbili ya uzito wake na hayatoki tena. Moja inakwenda na mvuke. Moja inabaki chini pamoja na tope, na hiyo hakuna mtu mwenye adabu anayemmiminia mwenzake.

Kwenu mnakunywa tisa, kwa hiyo chota finjani kumi na mbili za maji. Kwa nguvu ile ile uliyoizoea, zinataka gramu 21 za kahawa, sawa na vijiko vyako viwili na nusu. Funika sufuria. Hili la kufunika nalisema kwa mkazo: sufuria iliyo wazi ikitokota robo saa inapoteza maji mengi kuliko unavyodhani, nawe unalipia moto wa kuyageuza mvuke. Mpaka hapa gharama ya kahawa imeshuka kutoka 1,024 hadi 672, na hakuna aliyepunguziwa hata funda moja.

Sasa makaa. Najua ninagusa jambo ambalo watu wetu wanalipenda, na mimi mwenyewe nalipenda, lakini umeniuliza gharama.

Kuchemsha lita moja ya maji ya bombani kwetu, ambayo joto lake ni kama nyuzi 28, mpaka yafike 100, kunataka nishati ya kilojuli 300 hivi. Kilo moja ya makaa ina kama kilojuli 30,000. Kama joto lote lingeingia ndani ya sufuria, gramu kumi za makaa, vipande viwili vidogo, vingetosha. Lakini jiko la kawaida la makaa halifikishi hata robo ya joto lake kwenye chombo. Linalobaki linakwenda ubavuni na angani. Tena makaa hayawashwi vipande viwili. Unajaza jiko, unasubiri yashike, unachemsha dakika ishirini, unaepua, na yenyewe yanaendelea kuwaka saa nzima bila kazi. Zile shilingi 600 zako nyingi zinapasha moto ua.

Kuna namna moja tu ambayo makaa yanakuwa rahisi, nayo ni ukiwa umeshayawasha kwa kazi nyingine. Kama chakula cha usiku unapika kwa makaa, basi weka sufuria ya kahawa juu ya makaa yaliyobaki baada ya kuepua wali, na moto wa kahawa uhesabu sifuri. Hapo hapana gesi wala umeme utakaokushinda. Lakini kuwasha jiko jipya kwa ajili ya kahawa ya watu wanne, hilo ndilo linalokula pesa.

Gesi yako: 27,000 kwa gramu 6,000 ni shilingi nne na nusu kwa gramu. Kuchemsha lita moja kunakula kama gramu 13, na ukiiacha itokote kwa moto mdogo dakika chache unafika gramu 20, yaani shilingi 90. Kwa finjani zetu kumi na mbili ni pungufu zaidi, haifiki 70. Linganisha na 600.

Na kama una birika la umeme, unit moja inachemsha lita kumi za maji, kwa kukadiria. Chukua bei ya unit unayonunua ya Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, igawe kwa kumi, ndiyo gharama ya lita moja kuchemka. Kisha mimina maji yale kwenye sufuria yenye kahawa na umalizie kwa gesi. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, umeme wenu hautegemei tena majenereta ya dizeli kama zamani, na kwa kazi fupi kama hii ya kuchemsha maji ni msaada mzuri. Ila asiye na birika asilinunue kwa ajili ya kahawa peke yake, gesi inamtosha.

Utaniambia ladha. Nimelisikia hili mara nyingi: kahawa ya gesi haina utamu wa makaa. Nimewahi kupika sufuria mbili zilizofunikwa, buni moja, maji mamoja, moja juu ya makaa na moja juu ya gesi, nikawapa wazee wanaokunywa kahawa tangu ujana wao, na walibishana mpaka tukaachana bila jibu. Moshi hauingii ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kinacholeta ile ladha ni kutokota polepole, na makaa yakishafifia yanakulazimisha kwenda polepole hata kama hutaki. Fanya hivyo hivyo kwa gesi: ikichemka mara ya kwanza, shusha moto mpaka unakaribia kuzimika, acha dakika tano au sita, epua, acha itulie dakika tatu nyingine mashapo yakae chini. Muuzaji mwenye dele ana sababu yake ya kutembea na makaa chini ya chombo: anahitaji kahawa ibaki ya moto kwa saa nyingi huku anazunguka. Wewe kazi hiyo mpe chupa ya chai. Chuja kahawa uitie humo, shemeji akirudi saa nne ataikuta ina moto wake bila gharama nyingine.

Hiyo chupa ina faida ya pili. Kahawa ikiachwa juu ya mashapo yake inaendelea kutoa ukali usiotakiwa, na ikipashwa moto mara ya pili inazidi. Kahawa tungu si kahawa iliyoungua. Na usijaribu kuyatia mashapo maji ya pili ili upate sufuria nyingine, kama wafanyavyo wengine wakidhani wanaokoa. Kilicho kitamu ndani ya kahawa kimeshatoka mara ya kwanza, kiasi cha sehemu moja katika tano ya uzito wake. Maji ya pili yanachota rangi na ukakasi tu, nawe umechoma gesi kwa kitu ambacho watu watakinywa kwa heshima yako halafu kesho wataomba chai.

Viungo nitavipita haraka. Iliki ndiyo ya ghali. Iponde pamoja na ganda lake, na uitie mwishoni unapoepua, kwa sababu harufu yake inakimbia na mvuke ikitiwa mwanzo. Ukifanya hivyo, nusu ya ile unayotia sasa itanukia sawa. Tangawizi itangulie, inataka moto. Na wewe upo Pemba, kwenye karafuu zote hizo: punje mbili ndani ya sufuria zinatosha. Zikizidi hapo unakuwa umepika dawa ya jino. Tuseme viungo vimeshuka kutoka 200 hadi 130.

Jumlisha: kahawa 672, gesi 70, viungo 130. Ni 872 kwa siku, na finjani moja shilingi 97. Tumeshakata zaidi ya nusu na bado unanunua pakiti ile ile.

Sasa nifike kwenye buni, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Kilo ya buni kwa 15,000 haikupi kilo ya kahawa. Ikikaangwa inapoteza maji na kuungua kidogo, na kwa ukaangaji wetu wa kahawa tungu, unaokwenda mpaka weusi, utapoteza kama asilimia 20. Utabaki na gramu 800. Gesi ya kukaangia kilo nzima, kwa mafungu manne ya robo kilo, nimeikadiria kwa bei yako kuwa shilingi 720. Basi 15,720 kwa gramu 800 ni kama shilingi 20 kwa gramu. Pakiti yako ni 32. Rudi kwenye gramu 21 za kila siku: badala ya 672 unatumia 420. Jumla ya siku inakuwa 620, finjani moja shilingi 69. Kwa mwezi ni 18,600, mnakunywa watu wanne, na shemeji peke yake barazani alikuwa 24,000.

Dada yako wa Maskati atakwambia kahwa ya kule haikaangwi hivi. Buni inatolewa ingali na rangi ya mdalasini. Kweli, na ile hupoteza uzito mdogo kuliko yetu, lakini inategemea iliki nyingi ili ikamilike, na kwa bei ya iliki ulichookoa kwenye uzito unakirudisha kwenye viungo.

Kukaanga si kazi ngumu, ila haitaki uondoke. Tumia kikaango kizito cha chuma au sufuria nzito, si ile nyembamba ya alminiamu inayounguza upande mmoja. Fanya uani, moshi wake ni mwingi. Weka robo kilo tu, moto wa wastani, na mwiko usisimame. Dakika za mwanzo hutaona kitu. Buni itakuwa ya kijani kibichi, kisha inaingia umanjano na kutoa harufu ya majani makavu. Wengi hapa hukata tamaa wakaongeza moto. Usiongeze. Rangi itageuka kahawia, na baada ya muda utasikia mlio, pa, pa, kama bisi zinazoanza kupasuka. Huo ni mlio wa kwanza, na kahawa hapo tayari inanyweka. Endelea. Kutakuwa na ukimya mfupi, halafu unakuja mlio wa pili, mwembamba, wa haraka, kama chumvi iliyoangukia kwenye makaa. Unapoanza huo, epua. Ukingoja mpaka buni yote ing'ae mafuta, umepoteza uzito zaidi, na mafuta yakitoka nje kahawa inachacha upesi. Jumla ya safari hiyo ni dakika kumi na mbili mpaka kumi na tano.

Ukishaepua usiiache ndani ya chombo cha moto, itaendelea kujikaanga. Mwaga kwenye ungo, upete huku na huku. Makapi yatapeperuka na buni itapoa. Iache ilale mpaka kesho kabla ya kuitia chupani na kuikaza, kwa sababu ikitoka motoni inatoa hewa nyingi.

Na twanga ya siku hiyo tu. Hili limenigharimu mimi mwenyewe. Ramadhani moja, miaka mingi nyuma, nilitwanga kilo tatu kwa pamoja nikisema nisijichoshe, nikazifunga kwenye makopo. Kufika kumi la pili ile kahawa ilikuwa na rangi, na ina uchungu, lakini harufu hakuna, na watu walianza kuniambia kwa upole kwamba siku hizi sijui ninanunua wapi. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na masika ndiyo usiseme. Buni mbichi inakaa miezi mingi pahali pakavu. Iliyokaangwa ikiwa nzima ina wiki mbili tatu za uzuri wake. Iliyotwangwa unaihesabu kwa siku. Nawe ulikuwa ukinunua iliyosagwa, ambayo siku zake nzuri zimeishia ndani ya boti na juu ya rafu kabla haijakufikia; ndiyo maana ukahitaji vijiko vinne. Ukitwanga gramu 21 jioni ile ile, huenda ukakuta vijiko viwili vinakutosha. Kinu kidogo cha iliki na mchi wake vinafaa. Twanga iwe kama semolina, siyo vumbi, itatulia chini vizuri.

Faida nyingine ya buni ni kwamba unaiona. Kahawa ya kusaga inaweza kuchanganywa na mahindi au choroko zilizokaangwa, na jicho halitajua. Ukiwa na wasiwasi na pakiti, nyunyiza kijiko juu ya bilauri ya maji baridi: kahawa huelea kwa muda kwa sababu ya mafuta yake, nafaka huzama upesi na kuyatia maji rangi. Ni dalili tu, lakini inatosha kukufanya uhame duka. Buni haina maficho hayo. Punje ya mviringo, yenye mfereji ulionyooka katikati, ni robusta, na kwa Tanzania hiyo inatoka zaidi Kagera, kwa Wahaya, ambao tangu zamani huichemsha buni, wakaikausha, na kumtafunisha mgeni. Punje ndefu kidogo, mfereji umepinda, ni arabika, ya Kilimanjaro, Mbeya, Songwe au Mbinga. Kwa kahawa tungu ya kutokota na tangawizi, robusta haina aibu yoyote. Ina ukali, ina kafeini kama mara mbili ya arabika, na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Arabika ina utamu wa ndani ambao ukiikaanga mpaka weusi unauchoma, kisha unaufunika kwa tangawizi. Sikukatazi, lakini unakuwa umelipia kitu ambacho hukipati.

Kuhusu bei, usimlaumu sana mwenye duka. Ukame wa Brazili mwaka 2024, na hali mbaya ya hewa huko Vietinamu ambako ndiko robusta nyingi ya dunia inakotoka, ulipandisha soko lote. Februari 2025 arabika ilivuka dola nne kwa pauni moja ya uzito katika soko la New York, juu ya rekodi iliyosimama tangu 1977. Mkulima wa Bukoba akisikia bei ya nje imepanda hana sababu ya kuuza kwa bei ya zamani, na ndivyo inavyopasa, ni jasho lake. Sisi wa visiwani tunanunua baada ya boti.

Mashine ya Maskati. Kapsuli moja inakuja na gramu tano hivi za kahawa. Kwa 1,600 kila moja, unalipa shilingi 320 kwa gramu, mara kumi kamili ya pakiti yako, na mara kumi na sita ya buni utakayokaanga mwenyewe. Finjani zenu tisa kwa kapsuli ni 14,400 kwa siku. Dada yako amekuletea kwa mapenzi, na kahawa yake ni nzuri. Iweke kwa siku akija yeye na kapsuli zake.

Hukuuliza kahawa ya kopo, ile ya kukoroga, lakini nyumba nyingi hunywa na maziwa asubuhi, basi neno moja. Gramu mbili zinatosha kikombe kikubwa, kwa hiyo kopo la gramu 100 ni vikombe hamsini. Gawa bei ya kopo kwa hamsini ujue. Inaonekana ghali kwa gramu kwa sababu kilo moja yake imetokana na kilo mbili na nusu au zaidi za buni. Kwa mtu mmoja anayekunywa kikombe kimoja alfajiri akakimbia skuli, mara nyingi ndiyo nafuu, kwa kuwa haimwagwi hata tone. Kwa watu wanne jioni, hapana.

Mwisho, yule muuzaji wa barazani. Anawezaje kuuza 200 na akabaki na faida, wakati wewe ilikufikia 203? Ananunua buni kwa gunia. Anakaanga na kutwanga mwenyewe, jasho lake halihesabu. Moto mmoja unamtolea finjani mia na zaidi. Na hamwagi: dele likikaribia kwisha anajua ni nani bado hajapita. Mambo hayo yote, isipokuwa gunia na zile finjani mia, sasa unayo wewe.

Shemeji sidhani kama anaifuata kahawa tu kule, ana watu wake na dhumna yake, na finjani nne za nyumbani hazitamzuia kila usiku. Usimzuie. Lakini akwambie mapema, kabla hujachota maji. Siku anayokwenda, mmebaki na finjani tano. Ongeza tatu za mama yangu, chota nane, na kahawa isifike vijiko viwili.